Bakteria Weupe Waligeuka Chungwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikiwa na aibu ambayo sijawahi kuibeba, kwani mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili hapa Nakuru na kwa miaka miwili nimechunguza bakteria wa tope la ziwani, ambao hujitengenezea rangi ya chungwa kwa kimeng'enya kimoja kinachoshika dutu isiyo na rangi na kuigeuza, nami nilijaribu kuharibu jeni ya kimeng'enya hicho nione kama rangi itapotea, ila stima ikakatika siku mbili, kabati la kuoteshea likapoa, nikakimbilia kikapu cha mama kutoka Molo, kile cha kuivishia maharagwe bila moto, nikafungia humo visahani vya bakteria niliowabadilisha, na kwa kuwa kilijaa, wale wa kawaida nikawaacha dirishani penye jua.

Wa kikapuni wakatoka weupe kama maziwa, wa dirishani chungwa, msimamizi wangu, Dkt. Makhanu, akapaza sauti, "Naliaka, kimeng'enya tumekipata!" na baba akatangaza kanisani nikashangiliwa, hadi juzi nilipowaotesha upya wale weupe dirishani wakageuka chungwa kabisa, ndipo nikaelewa kwamba jeni sikuiharibu, giza la kikapu ndilo lililoizima, na Jumamosi daktari atayasoma matokeo hayo mbele ya wasomi, tena Chepkurui, msichana wa mwaka wa kwanza anayeniita dada, ameanza utafiti wake wote kwa bakteria hao, naye rafiki yangu Kimberly ananicheka, "Wewe nyamaza, bakteria hawaendi kortini." Nifanye nini?

Naliaka, mtaa wa Section 58, Nakuru

Pole sana, binti yangu. Stima ikipotea kila mtu hubuni njia, na kikapu kilikuwa wazo la mtu anayeipenda kazi yake. Kwa hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa kuwapa hawa giza na wale jua, kisha ukadai tofauti imeletwa na jeni. Mkulima wa Molo hapandi mbegu moja ya viazi kivulini na nyingine juani, halafu akadai amezilinganisha.

Hata hivyo, kosa hilo lilikuwa la haraka, na linasameheka. Kujua na kunyamaza ni jambo jingine. Kimberly amesema kweli, bakteria hawaendi kortini. Lakini wataoteshwa na wengine, na watageuka chungwa mbele ya watu usiowajua.

Kesho asubuhi mpelekee Dkt. Makhanu visahani vyenyewe, umweleze kwa kinywa chako, si kwa ujumbe wa simu. Atakasirika. Mwache akasirike, afadhali hasira ya ofisini kuliko aibu ya ukumbini. Akitulia, mwombe urudie jaribio: makundi yote mawili gizani, makundi yote mawili juani. Baba mweleze mwenyewe, asisikie kwa waumini. Na kikapu hicho kisirudi jikoni kwa mama, mnunulie kingine.

Ila kabla ya hayo yote, ukiweka gazeti hili chini, mpigie Chepkurui. Daktari ana shahada zake tayari. Mtoto huyu anaotesha bakteria wako hivi sasa.