Uso Ndani ya Maji

Jumatatu, 14 Julai 1975

Baridi ya leo – Mungu wangu! Bwawa la klabu linafuka moshi. Ng'washi amejipaka samli mwili mzima ndipo akaingia. Ananuka jikoni. Samli ya mzee Harilal, kopo zima katoa bure. Ndiye pekee aliyebaki kwenye kamati ya klabu. Wahindi wenzake wamehamia Uingereza na Kanada, wamemwachia funguo. Hajui kuogelea. Huvaa sweta mbili, anakaa kwenye benchi, anatutazama.

Tangu niache kushindana sijaona mikono kama ya binti huyu. Kidato cha tatu tu! Lakini uso hauingii majini. Shingo juu, macho huku na huku, miguu inapiga kelele. Kwao Usangu, Wasukuma waliohamia na mifugo huvuka mto hivyo hivyo, nyuma ya ng'ombe. Nimemuuliza tena leo. Akasema ukiinamisha uso, mamba utamwonaje? Ndama wao alivutwa mbele ya macho yake. Nikamwambia Iringa mjini hakuna mamba, tena ndani ya saruji!

"Najua, Mwalimu. Mwili ndio haujui."

Mchujo wa timu ya taifa ni tarehe 16 Agosti, Dar es Salaam. Akiingia pale na shingo ile watamcheka, na mimi watanicheka zaidi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemfunga kitambaa machoni, nikadhani asipoona hataogopa. Akagoma kabisa kuingia. Nimefoka mpaka Harilal akainuka kwenye benchi. Upumbavu wangu.

Mimi nilijifunza Matema, Ziwa Nyasa. Bibi alinitupa tu majini. Na mamba walikuwepo! Mbona sikuogopa? Labda sikuwa na akili.

Nairobi, mwaka 1964, kwenye mashindano nilikuwa wa nne. Wa nne hapigwi picha. Nataka mmoja wa kwangu apigwe picha, basi, halafu nitafundisha Jiografia mpaka nizeeke, sitadai kitu.

Jumatatu, 21 Julai

Wamekuja. Mwenyekiti wa kamati ya kilimo, Ndugu Didas, na wajumbe. Wamezunguka bwawa mara mbili, mikono nyuma. Njaa ya mwaka jana haijasahaulika, kila penye nafasi pazalishe. Sibishi. Nimepanda mahindi hadi mlangoni kwangu mimi.

Akasema, "Maji yote haya, Mwalimu, hata samaki mmoja hamna!"

Nilitaka kumwambia ninaye mmoja.

Wataweka perege. Mkuu wa shule amekubali haraka, wanafunzi watapata kitoweo. Nikaomba wasubiri mchujo upite. Didas akauliza, huo mchujo unalisha watu wangapi? Wajumbe wakacheka. Kisha – na hili ndilo limenimaliza – wamenichagua mimi kuwa msimamizi wa mradi, kwa kuwa najua mambo ya maji. Mjumbe mmoja kauliza eti samaki nao watahitaji kocha?

Harilal alinifuata getini. "Mimi fanya nini, Mwalimu? Ile iko serikali. Mimi iko mzee tu."

Jumanne, 29 Julai

Maji ya zamani yamemwagwa, sakafu imesuguliwa kwa fagio za chelewa, na jioni mabomba yamefunguliwa. Miaka miwili naomba maji mapya! Miaka miwili naambiwa mji hauna maji, vumilia, Mwalimu. Samaki wamepata ndani ya siku nane.

Ng'washi alisimama nje ya wigo akitazama. Nikajifanya nahesabu fagio.

Jumapili, 3 Agosti

Bwawani sasa haturuhusiwi, basi baada ya misa nimempeleka Ruaha Mdogo, pale mto unapotulia chini ya daraja. Samli, taulo, kila kitu. Makosa matupu. Mto ni mto: mwili wake ukakumbuka yote. Alipiga maji kama anafukuza kitu, shingo imenyooka kama ya mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Alitoka analia, meno yanagongana, anasema samahani Mwalimu, samahani Mwalimu. Mimi ndiye niliyepaswa kusema hivyo.

Akina mama waliokuwa wakifua wakaniuliza kwa nini namtesa mtoto wa watu.

Alhamisi, 7 Agosti

Perege wamefika, wadogo kama vidole, ndani ya madebe ya maziwa. Didas akapiga makofi, nasi tukapiga. Samadi italetwa Jumamosi, imwagwe ili maji yaoteshe chakula chao.

Toka pale nilinyoosha moja kwa moja posta. Nimepeleka telegramu chama cha kuogelea Dar: NG'WASHI HATASHIRIKI. Maneno mawili. Karani akasema naweza kuongeza mengine. Mengine ya nini?

Sijamwambia. Nitamwambia Jumapili. Au Jumatatu. Nimechoka jamani. Nimechoka na maji, nimechoka na watu, nimechoka na kuamka gizani kwa ajili ya jambo ambalo halitaki kuwa. Wengine hukata tamaa wakapumzika. Mimi hata huko kupumzika sikuoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika hapa hapa kwenye benchi la Harilal. Yeye amesimama, kavua kofia.

Nilikuja asubuhi kusubiri samadi. Msimamizi wa mradi! Ng'washi akaja nyuma yangu, anaomba kuona perege. Nikamwambia ona. Akachuchumaa ukingoni. Maji ni maangavu, unaona mpaka chini, visamaki vidogo vinatembea ovyo ovyo. Mara akavua sare. Kumbe ndani kavaa vazi la kuogelea, kama kila Jumamosi! Kabla sijasema kitu keshaingia.

Akainamisha uso.

Nilidhani ameteleza. Hapana, alikuwa anatazama. Akakaa hivyo, akavuta pumzi, akainamisha tena. Kisha akavifuata. Shingo imelala, mwili umenyooka, mikono ile sasa imepata kazi yake. Ng'ambo hadi ng'ambo! Sijawahi kuona kitu kama kile, na niliwaona wazuri Nairobi. Nimelia. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Alipofika ukingoni nikamuuliza, na mamba je? Akacheka, maji yanamtoka puani.

"Vidogo hivi vikitembea ovyo, Mwalimu, mamba hayupo. Angekuwepo vingekimbia. Hata mwili unajua."

Nyumbani kwao kila mtu anajua hilo. Mimi nimemfunga kitambaa machoni.

Trekta imeingia. Tela imejaa samadi, harufu imefika kabla yake. Didas anapiga kelele toka getini: mtoe huyo binti, anatisha samaki! Harilal amemwendea, anamshika mkono, anamwambia ngoja, ngoja kidogo, Ndugu mwenyekiti. Harilal! Sijawahi kumsikia akimwambia mtu wa serikali ngoja.

Ng'washi hakusikia. Alikuwa anafuta macho.

"Mwalimu, basi la Dar Alhamisi linaondoka saa ngapi? Nimwambie matroni."

Nikamwambia rudia. Nenda na urudi, nikuone tena.

Sasa saa tano na nusu imepita. Telegramu ya kufuta ile ya Alhamisi? Posta Jumamosi hufunga saa sita. Toka hapa mpaka kule ni mlima mtupu, na hata nikifika, chama chao leo nani yupo ofisini? Na wakikubali, wiki nzima atafanyia mazoezi wapi – kwenye samadi?

Tela inarudi nyuma kinyumenyume. Wanaume wameshika makoleo. Ng'washi amegeuka, uso ndani, anakuja huku. Bado kidogo afike. Atauliza tena basi ni saa ngapi.