Zamu ya Jumapili Ziwani

Bertrams, Johannesburg
14 Novemba 2025

Kwako Yaya Hélène,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wote wa nyumbani hapo Bukavu. Mgongo unaendeleaje? Sisi huku miili ni mizima. Mwanetu Exaucé amerefuka; Kiswahili anakisikia vizuri, ila akijibu ni Kizulu tu, nami nimechoka kumgombeza.

Najua Damien alishakupigia simu. Alikuambia kwamba bakki yake, ile pikapu anayobebea watu mizigo, imekamatwa na manispaa kwa sababu wenyeji hawatutaki wageni. Wewe ndiye dada mkubwa uliyemlea mume wangu tangu mama yenu afariki, kwa hiyo naomba unisikilize na mimi.

Bondeni karibu nasi kuna ziwa dogo lenye nyumba za zamani pembeni. Tulipohamia lilikuwa linanuka, limefunikwa magugu. Miaka miwili iliyopita tuliungana, wenyeji na wageni, tukawa tunaingia kila Jumamosi kung'oa magugu na kuokota plastiki. Damien hakukosa. Alisimama majini hadi kiunoni akichekesha watu, na wazee wa zile nyumba wakamwita mtoto wao. Bata walipoanza kurudi, nilijivuna kuwa mke wake.

Mwezi wa tatu mwaka huu tukaanza kukuta kifusi: vigae vilivyovunjika, mifuko ya saruji, mapipa ya rangi yaliyomwagikia majini mpaka bata wakafa. Tukaweka zamu za ulinzi. Ratiba niliiandika mimi na kuibandika kwenye mlango wa jikoni kwetu. Ajabu ni kwamba kifusi kilimwagwa saa zile tu ambazo hapakuwa na mlinzi.

Watu wakamshuku Pitchou, mwenzetu wa Uvira aliyekuwa anaokota chupa pale kwa kigari chake. Kwenye mkutano aliapa kwa jina la mama yake, akalia mbele yetu. Damien ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono afukuzwe. Mimi nikanyoosha baada yake, na Pitchou akafukuzwa.

Jumapili asubuhi hapakuwa na zamu, maana wengi wetu huwa kanisani. Jumapili moja ya Oktoba mchungaji aliugua, ibada ikaisha mapema, nikaamua kupitia ziwani. Damien alikuwa ameniambia ana kazi ya kuhamisha watu mtaa wa Hillbrow. Yaya, niliikuta bakki imerudi kinyumenyume hadi ukingoni, na mume wangu juu yake, anasukumia kifusi cha wateja wake majini kwa sepetu. Nilijificha nyuma ya ukuta hadi akaondoka.

Alirudi nyumbani ameshanawa. Akala, akaniuliza mahubiri yalihusu nini. Akanisimulia jinsi lifti ya Hillbrow ilivyoharibika na walivyobeba kabati ghorofa saba kwa ngazi. Nilimsikiliza hadi mwisho. Sikuumia kwa kifusi kama nilivyoumia kwa lile kabati. Alilipamba hadi rangi yake.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Hakuna mwenyeji aliyemchongea ndugu yako. Ni mimi. Nikiwa nyuma ya ule ukuta niliipiga picha bakki na namba yake, na kesho yake nikaipeleka manispaa kwa mikono yangu.

Yeye hajui. Kila jioni ananiuliza, “Victoire, wewe unamshuku nani?” Juzi amesema lazima ni Pitchou, na ameapa kumfuata. Hapo nikaona siwezi tena kunyamaza. Jana nilimwendea Pitchou nikamweleza yote. Aliendelea kupanga chupa zake, kisha akaniuliza kama naweza kuyasema hayo mbele ya wale wale walionyoosha mikono. Nimemwahidi kesho, Jumamosi.

Damien nitamwambia leo, akirudi tu. Nilitaka wewe uyapate kwangu, si kwake. Ukinikasirikia nitapokea, lakini usimwache peke yake, atakuhitaji.

Wasalimie watoto na majirani wote wanaonikumbuka. Mungu akupunguzie maumivu ya mgongo.

Ni mimi wifi yako,
Victoire