Mawe Uliyoyachora Nairobi

Shikamoo, Baba.

Naandika nikiwa studio, hapa Kirumba, kucha zikiwa bado na rangi ya kuchorea. Mvua za mwaka huu zilipenya kwenye bati zikalilowesha lile pazia lako la Uhuru Park: ziwa dogo, mashua za kasia, maua, na nyuma yale mawe mawili makubwa, moja limebebwa na jingine. Mtaa mzima ulipigwa picha mbele yake. Ulikuwa unamwinua mtu kidevu kwa kidole kimoja: "Kaa wima, upo Nairobi."

Nilitaka kulichora upya bila kukosea, nikapanda basi kwenda kuiona bustani yenyewe. Baba, ni kubwa. Ziwa lipo, mashua zipo, watu wamelala kwenye nyasi mchana, viatu wamevifanya mito. Nikalizunguka ziwa mara mbili nikitafuta mawe. Mwishowe nikamuuliza mwenye mashua. Akacheka: "Mawe gani, madam? Umepotea park."

Nikakaa kwenye nyasi. Nilikumbuka nilivyokuwa nakuuliza Nairobi ulifika lini, nawe unainamia kamera. Hukufika. Ile kalenda kuukuu yenye picha ya bustani hii, uliyoificha kabatini, ndiyo ilikuwa safari yako, na pale picha ilipoishia ukaweka mawe ya kwetu. Sikukasirika. Niliumia tu kwamba nimefika mimi, wewe bado.

Niliporudi nikachora nilichokiona. Bila mawe.

Juzi akaja Mama Koku, yule uliyempiga picha siku ya ndoa yake, na mjukuu wake ili naye apigwe palepale. Akalitazama pazia, akashika kiuno. "Mawe yako wapi? Hii siyo Nairobi." Nikamwambia nimetoka huko, nimeona kwa macho yangu. "Basi wewe umeenda Nairobi nyingine," akasema, akamshika mjukuu mkono, wakaondoka.

Nilicheka peke yangu, Baba. Halafu nikalia.

Leo nimeyarudisha mawe. La juu limeinama kidogo, mkono wangu siyo wako. Nimempigia Mama Koku, watakuja Jumamosi. Nitamwinua yule mtoto kidevu na kusema maneno yako, ambayo tangu tukuzike sijathubutu kuyatamka.

Pumzika sasa. Pazia nitalitunza, na mawe hayataondoka tena nikiwa hai. Chini yake, kwenye nyasi, nimemchora mzee amelala, viatu amevifanya mto.

Umefika, Baba.