Gobore Lililopakwa Mafuta ya Alizeti

Mama Njiku,

Gobore usiliguse. Mtambo wake nimeulowesha kwenye mafuta ya taa, beseni jekundu. Springi ni nzima. Tatizo ni mafuta ya alizeti yaliyogandia ndani, ndiyo maana asubuhi nyundo ilishuka kivivu, fataki haikulipuka, na nguruwe pori akamrukia mbwa wetu, Mbishi.

~~Wewe ndiye uliyepaka mafuta ya kupikia, halafu unak~~

Hapana. Nimenusa kitambaa changu cha kusafishia gobore. Nilipaka mwenyewe Jumapili; macho haya hayakuona kuwa nimeshika chupa ya jikoni. Nisamehe kwa kukufokea mbele ya majirani.

Nimechukua jembe lako, nakwenda kumzika Mbishi kando ya mtama.

Ukoko wa ugali wa leo usimwekee nje.

Baba Njiku