Mwanahawa Hapewi Mama Nasra

Columbus, Ohio

Kaka yangu Salehe,

Shikamoo. Natumaini goti lililokuwa likikusumbua limepoa, wifi yangu hajambo, watoto hawajambo, na mvua mliyokuwa mkiililia imefika. Mimi mzima. Kazi yangu ya kulea wazee naendelea nayo, baridi imeanza kuuma lakini koti ninalo. Salamu nyingine nitazileta mwishoni, maana nikiendelea kukujulia hali nitakuwa nakuzuga tu. Nina hasira na wewe, kaka, hasira ya kweli.

Uliponiambia kwenye simu kwamba Mama Nasra yuko likizo Muheza, amekuja kwako na makopo ya biskuti, amekunywa chai barazani kwako na amemwomba Mwanahawa akaishi naye Louisville, huku huku Amerika, "asome huku akimsaidia kulea watoto," nilipiga kelele ukanikatia. Nikapiga tena, ukanikatia tena. Haya, barua huwezi kuikatia. Anakuletea Kassim wa mama mdogo, anayekuja kuoa, na nimemwambia asiondoke hapo mpaka umeisoma yote.

Unamkumbuka Tausi, binti wa marehemu fundi cherehani wa sokoni? Yule aliyekuwa akimbeba Mwanahawa wako mgongoni alipokuwa mchanga? Mama yake alimkabidhi kwa Mama Nasra mbele ya watu, akasema, "Mwanao huyo." Ulikuwepo, ukala pilau. Na sisi tunavyojijua, tukishasema mwanao huyo hatuulizi tena, kuuliza ni kumdhania mtu vibaya. Basi hakuna aliyeuliza. Wote mnaamini Tausi yuko shule Amerika. Kaka, tangu afike huku hajaliona darasa!

Mama Nasra wakati huo alikuwa anakaa hapa Columbus. Nilimkuta Tausi nyumbani kwake siku ya maulidi. Wasichana wenziwe wamejipamba wanapiga picha, yeye yuko jikoni na sufuria, vidole vimechubuka kwa dawa za kusafishia.

"Tausi, njoo ukae ule na wenzio," nikamwambia.

"Mama hajaniruhusu, dada."

"Na shule je?"

Akatazama mlango. Nikamvuta bafuni nikafungua maji, ndipo akaniambia. Analea watoto wanne, anapika, anafua, na mchana anapelekwa kusafisha nyumba za watu, ujira anapokea Mama Nasra. Analala sakafuni kwenye chumba cha mashine ya kufulia. Pasipoti yake imefungiwa kabatini. Ameambiwa akitoka peke yake polisi watamkamata na mama yake ataaibika mji mzima.

Nikaenda kwa wazee wa jumuiya yetu nikasema tupige simu polisi leo leo. Mwenyekiti akasema hapana, Zuhura, una haraka, tuanze na kikao.

Sasa uelewe, siku hizo ndipo bunge la jimbo lilipokuwa likigombania sheria. Huku kila jimbo lina bunge lake, na letu linakaa hapa hapa Columbus. Kazini, kwenye ukumbi wa wazee, televisheni ilikuwa haizimwi. Mbunge mmoja anapiga meza: wanaouza watu waongezewe vifungo, wazeekee jela! Mwenziwe anamjibu kwamba vifungo virefu havimwokoi mtu, afadhali fedha ziende kwenye nyumba za kuwahifadhi waliookolewa. Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu ninayefanya naye kazi, alikuwa akiwajibu kama vile wanamsikia: "Bon, bamufunge tu mpaka azeeke! Huruma ya nini, donc?" Na kila wakitaka kutuonyesha muuza watu, wanatuonyesha mwanamume na gari lisilo na madirisha. Sikuona hata siku moja wakituonyesha mama wa heshima, kajifunga mtandio, kabeba makopo ya biskuti.

Tukakaa hicho kikao. Tausi kaketishwa mkekani, mbele ya huyo huyo anayemtesa. Mama Nasra akalia machozi mpaka wanawake wakamletea maji.

"Mama yake alinipa mkononi," akasema. "Alisema mwanao huyo. Mwanangu nikimtuma kuosha vyombo, nani wa kuniuliza?"

Watu wakaitikia kwa vichwa! Nikasema basi mwanawe wa kumzaa naye alale kwenye chumba cha kufulia tumwone. Nikaambiwa ninyamaze, nina mdomo.

Mwenyekiti akasema, "Hamsikii yanayosemwa bungeni? Wanataka watu wazeekee jela. Mama wa watoto wanne, tumpeleke huko kwa mikono yetu?"

Hapo ndipo kila mtu aliponywea. Yule mbunge anapiga meza akidhani anawatisha wauza watu, kumbe huku kwetu ametutisha mashahidi. Tausi akapewa doti ya khanga kumtuliza, kisha akaambiwa apige magoti amwombe Mama Nasra radhi. Yeye ndiye aombe radhi, kaka! Halafu ikaletwa biriani. Mimi nikavaa viatu nikaondoka, na mpaka leo wanasema nina kiburi.

Kesho yake nilipiga simu polisi mwenyewe. Askari walipofika, Tausi hayupo. Mama Nasra akawaambia amesharudi Afrika. Kikao chetu ndicho kilichompa nafasi ya kumficha, na biriani juu.

Kumbe alikuwa amepelekwa Buffalo, mji wa jimbo jingine, kwa binamu wa Mama Nasra, mtaa wa Kensington-Bailey, kufanya kazi zile zile. Aliyemwokoa ni rafiki yangu Mwajabu, mwenye duka la vyakula huko huko Buffalo, barabara ya Grant Street. Siku hiyo binti kaingia kununua unga wa ugali, theluji inaanguka, hana koti, kajitanda khanga ile ya kikao. Mwajabu akamuuliza, "Mwanangu, wewe wa wapi?" Kusikia Kiswahili tu, akaanza kulia, akataja jina langu. Mwajabu akawatoa wateja, akafunga duka, akaita polisi. Hakumwita mwenyekiti wala mzee wa mtu, Mungu amzidishie.

Sasa Tausi yuko kwenye nyumba ya hifadhi, salama. Lakini mwendesha mashtaka alipomtaka atoe ushahidi, alikataa kabisa. Aliniambia, "Dada, mama yangu atapita wapi Muheza? Watasema nimemfunga mtu aliyenileta Amerika." Kesi ikalala. Mama Nasra akahamia Louisville, akafungua duka mtaa wa South End, na sasa yuko kwako barazani anachagua mwingine.

Mimi nataka afungwe, sikufichi. Yule mpiga meza akianza kusema, mimi na Mama Furaha tunampigia makofi mpaka wazee wanaamka. Lakini waandike kifungo kirefu namna gani, nani atamfunga mtu ambaye sisi wenyewe tunamwandalia chai na kumkabidhi watoto?

Baada ya wewe kunikatia simu nilimpigia Tausi. Nilikuwa nalia, sikutaka kumwambia, ikanitoka.

"Mwanahawa yupi?" akauliza. "Yule wetu? Yule niliyembeba?"

Nikamwambia ndiye.

Akasema, "Mwambie mwendesha mashtaka nitakuja. Nitasema yote." Binti wa watu ameamua kubeba lawama ya mji mzima kwa ajili ya mtoto wako, kaka, na wewe baba yake umeshaanza kuhangaikia pasipoti.

Nisalimie wifi yangu, umwambie kilio chake nilikisikia nyuma yako kwenye simu, najua yeye hakukubali. Nisalimie shangazi mkubwa, na mzee jirani anayekuazima magazeti. Nenda kwa mama yake Tausi, umsalimie kwa heshima, umwambie mwanawe yuko hai na ana koti. Na barua hii mpe Mwanahawa aisome kwa macho yake.

Sheria wanayoibishania huku sijui itatoka vipi. Ninachojua, kesi ya Tausi ikisikilizwa nitakaa nyuma yake. Na ukimtoa Mwanahawa, ya Mwanahawa nitaipeleka mwenyewe, bila kikao. Wakiniuliza nani aliyemshika mtoto mkono akasema mwanao huyo, nitasimama nitaje jina lako lote, Salehe, na la baba yetu.

Ni mimi mdogo wako uliyenifundisha kusoma,
Zuhura