Suruali ya Fundi Khisa wa Bondeni

Mwaka umetimia, fundi wetu Khisa, tangu ulipotutoka ghafla tarehe 9 Julai 1956, na nyumba yako ya Bondeni bado imejaa maswali. Wewe ndiwe uliyetuzoesha kuuliza.

Makarani wa reli walikufuata pale barazani mwa duka, kitambaa kwapani, nawe ukawahoji kabla ya kuwapima: kazini unaketi au unasimama, funguo unaweka mfuko upi, tumbo hili linapanda au linashuka? Waliokasirika ndio waliopendeza zaidi kanisani.

Uliporudi kutoka kupasuliwa ngiri, mkeo Truphosa alikulaza wiki tatu. Hukukanyaga chini. Uji na maji ya kunawa vilikufuata kitandani, nawe ukadeka bila haya. Siku ulipoamka kuvaa, suruali ikakubana mguu wa kushoto. Mwingine angeutazama mguu. Wewe uliitazama suruali. Ulimwambia Truphosa kwa aibu kwamba ulikata vibaya, ukafumua mshono, ukaongeza inchi moja. Siku ya tatu pumzi ilikukatika ukiwa mezani, na hatukuwahi hata kutafuta gari.

Truphosa alipokuwa akikunja nguo zako aliikuta suruali hiyo. Hakuamini kwamba mkono wako ulikosea. Akaibeba hadi hospitali, akamwonyesha daktari. Daktari aliigeuzageuza, kisha akaeleza kwamba damu iliganda ndani ya mshipa wa mguu, kipande kikanyofoka kikaenda kuziba mapafu. Kulala muda mrefu baada ya kupasuliwa huweza kuleta hayo, alisema, na zipo koo za watu ambao damu yao huganda upesi, ingawa sababu bado inatafutwa. Truphosa akamkumbuka marehemu baba yako na mguu wake uliovimba, tukasema amerogwa. Lakini alilorudi nalo nyumbani ni lile la kulala tu. Alilia mwezi mzima akisema amekuua kwa mapenzi.

Mwezi wa Machi dada yako Naliaka alijifungua. Wakwe wakamlaza kama ilivyo desturi, na mguu ulipovimba wakaleta samli ya moto wamkande. Truphosa akawakuta.

"Msiguse huo mguu," alisema. "Huyu anaenda hospitali saa hii."

Mama mkwe akamuuliza amekuwa daktari tangu lini.

"Tangu nizike bwana yangu."

Naliaka alidungwa sindano za kuzuia damu isigande, akakaa wodini siku kumi na nane. Daktari alisema wangemkanda, huenda tungempoteza. Tangu siku hiyo, akihesabu mguu wa baba yako, wako na wa Naliaka, Truphosa hajasema tena kwamba alikuua.

Unakumbukwa na mkeo Truphosa, mama yako Nabalayo, kaka yako Masinde, rafiki yako Ogola wa reli, na dada yako Naliaka, ambaye jina lake lingeandikwa leo kando ya lako. Siku zote tutakukumbuka, Khisa, na hatutaacha kuuliza.