Sentensi Isiyo na Mtendaji

Kawangware 46,
Jumapili jioni

Baba yangu,

Goti linaendeleaje? Mama aliniambia kwamba siku hizi unapanda kile kilima cha kanisani kwa awamu mbili, na katikati unajifanya unasalimia watu ili upumzike. Usibishe, nakujua. Na mama mwenyewe, kile kikohozi kimeisha au amekizoea tu? Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, naenda kazini, na ungekutana nami barabarani ungesema kijana wako amenawiri. Ni ndani ndiko kulikoharibika, Baba, na ndiyo maana nimechukua karatasi. Simu ya hapo nyumbani huwekwa spika, nyumba nzima ikasikia, pamoja na jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Tena wewe na barua mnajuana. Nilipokuwa mdogo ni wewe uliyewasomea watu barua zao pale nje ya mashine ya kusaga unga, nami nikikushikia bahasha. Unamkumbuka Mama Nasambu? Mumewe alimwandikia kutoka huku mjini kwamba ameoa mke mwingine, asimngojee. Ukamsomea salamu, ukamsomea habari za kazi, na mstari ule ukauruka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusoma, niliuona. Mama Nasambu akaenda kukandika nyumba yake upya akimngojea mume Krismasi. Alipokuja kujua, hakukutukana. Alikuuliza tu, ulinisomea yote? Wewe ukaangalia chini. Nitarudi kwa Mama Nasambu baadaye, lakini kwanza nikueleze kazi yangu, kwa sababu nadhani sijawahi kuieleza vizuri.

Unajua nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Gatina, jengo la ghorofa, chini maduka, juu sisi. Kazi yenyewe ni kuwafunza watoto kuchambua: mashairi, hotuba, habari za magazeti, barua za maofisa. Siku ya kwanza na kidato cha tatu niliwaambia kuchambua ni kile mama zao hufanya na mboga za managu. Unashika tawi, unachuma jani, bua unatupa. Walielewa haraka kuliko wangeelewa kitabu. Ila msichana mmoja wa dawati la nyuma aliinua mkono akauliza, nani huamua lipi ni jani na lipi ni bua? Anaitwa Awuor. Nikamwambia aketi.

Tulikuwa na shairi kuhusu mvua. Anayesema ndani yake anafurahia kulala akiisikia mvua ikipiga bati. Nikauliza darasa, huyu anayesema ni nani? Kitabu cha majibu kinasema ni mtoto mwenye furaha, na ukijibu hivyo unapata alama zako unaenda nyumbani. Awuor akasema, "Huyu ako na silingi kwa nyumba, mwalimu. Mtu anakaa chini ya mabati peke yake hawezi penda mvua hivyo. Si hata hawezi skia mwenzake akiongea." Darasa likacheka mpaka mwalimu wa hesabu akatugongea ukuta. Baba, shairi lile halitaji dari popote. Lakini dari imo, na mimi nilikuwa nimelifundisha miaka mitatu bila kuiona.

Kutoka mashairi tukaingia maandishi ya mambo ya kweli, na hapo nikawafundisha kauli ya kutendwa. Niliandika ubaoni kwamba dirisha limevunjwa. Nikauliza nani amelivunja, wakasema haijaandikwa. Basi, nikawaambia, hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu mtu akitaka kujificha ndani ya sentensi huingia kwenye kutendwa akafunga mlango. Mtafuteni mtendaji. Niliyapenda sana maneno yangu, nikayarudia wiki nzima kama mhubiri aliyepata mstari mpya. Mwishowe nikawapa kazi: kila mmoja atafute andiko lolote mtaani kwake, tangazo la mwenye ploti au kikaratasi cha dawa, alichambue, aniletee.

Wiki hiyohiyo ofisi ikabandika tangazo. Lilikuwa la Kiingereza, nakutafsiria: "Baada ya mashauriano, imekubaliwa kwamba madarasa yatafungwa saa kumi jioni. Wanafunzi wanaombwa kuondoka mapema." Kwako labda hilo ni jambo dogo. Lakini watoto wengi wa hapa hubaki kusoma mpaka saa kumi na mbili na nusu, maana nyumbani ni chumba kimoja, jiko liko hapo, kitanda hapo, mtoto mchanga hapo, na hakuna pa kuweka daftari. Awuor ndiye aliyekuwa akibaki wa mwisho. Mlinzi alikuwa akimtania kwamba siku moja atamfungia ndani na popo.

Baada ya siku mbili mkurugenzi akaniita. Tunamwita Madam. Shule ni yake, ploti ni ya baba yake, nao ni watu wa hapa tangu Kawangware ikiwa mashamba. Sitaki umfikirie kuwa mtu wa roho mbaya. Nilipokuja kumzika nyanya alinipa ruhusa ya wiki nzima na akaniombea kabla sijaondoka. Siku hiyo alinimiminia chai, akanipa karatasi moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa, akasema, "Mwalimu, hii ungeipatia alama ngapi?"

Nikasoma. Ilikuwa imelichambua tangazo lile. Mashauriano: kati ya nani na nani? Imekubaliwa: na nani? Toni: ya upole, kama mtu anayekufungia nje huku akikutakia usiku mwema. Andiko limenyamaza kuhusu viti vya plastiki vilivyoletwa Jumanne. Na mwisho kabisa: viti hivyo vitakaliwa na nani? Mimi viti nilikuwa nimeviona vikipandishwa ngazi, nikapita. Sikuwa nimeviunganisha na tangazo. Ni baadaye nilipojua kwamba madarasa yamekodishwa kwa watu wa maombi ya jioni.

Nisikudanganye, Baba, nilifurahi. Mwalimu hungoja miaka apate karatasi kama ile. Nilidhani ni ile kazi niliyowapa, kwamba imepitia ofisini kwa bahati. Nikamwambia Madam, "Hii ni kazi safi. Na hata kwa herufi kubwa hizi namjua, ni Awuor. Yeye tu ndiye humaliza kwa swali." Madam akasema asante mwalimu, akaikunja karatasi, akaiweka kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Mlio wa ule ufunguo ndio ulioniamsha. Kumbe karatasi ilikuwa imebandikwa chini ya tangazo kabla ya watu kufika, na ofisi nzima ilikuwa ikimtafuta mwandishi. Mimi ninayelipwa kusoma kisichosemwa sikujiuliza kwa nini mtoto mwenye mwandiko mzuri aandike kwa herufi kubwa.

Mpaka leo sijui kama Madam alinitega au nilijitega. Watu husema ulimi uliponza kichwa. Wangu ulimponza mwingine, kichwa changu kiko salama hapa na kofia juu.

Mama yake Awuor aliitwa akapewa barua. Tulisomewa nakala yake walimu wote: imethibitishwa kwamba mwanafunzi huyu alibandika maandishi ya uchochezi, na imeamuliwa aondoke shuleni. Nilikuwa nimeketi karibu na dirisha. Ningeweza kusimama nikasema nimemfundisha mimi, kosa kama ni kosa ni langu. Nilijiambia nitaongea na Madam faraghani, kesho yake nikajiambia Ijumaa, na Ijumaa kulikuwa na mkutano wa wazazi. Kwenye mkutano huo Madam alinisimamisha mbele ya watu akanipa zawadi ya chupa ya chai, kwa uaminifu wangu kwa shule. Wazazi wakapiga makofi. Iko juu ya kabati hapa ninapoandika, haijawahi kuona chai.

Na darasa limekufa, Baba. Sina neno lingine. Jumatatu iliyofuata niliandika ubaoni kwamba viti vimeletwa, nikauliza nani amevileta. Nadhani nilitaka waniadhibu. Wakainamia madaftari yao mpaka mmoja akasema kwa sauti ya adabu, "Hatujui mwalimu, na si lazima tujue." Nikawarudisha kwenye shairi la mvua. Wote wameandika kwamba anayesema ni mtoto mwenye furaha. Wote. Nikawapa alama zao, kwa sababu ndilo jibu la kitabu. Nimewafundisha somo moja tu mwaka huu na wamelishika vizuri, kwamba anayesoma sana hufukuzwa, na mwalimu wake hupewa chupa.

Shule zingine haziwezi kumpokea Awuor bila barua ya kumruhusu kuhama, na ofisi yetu haitaki kuiandika. Mama yake alipochoka kuzunguka alimpeleka Kibera kwa shangazi yake, anayeuza mboga nyuma ya shule ya Olympic. Jumamosi iliyopita nilitembea kutoka huku mpaka huko. Nilimkuta ameketi kwenye kreti, beseni mapajani, anachambua managu. Nikasimama pale nikitazama beseni. Yeye ndiye aliyesema, "Mwalimu, umepotea njia?"

Shangazi yake alipojua mimi ni nani aliniletea stuli, akaipangusa kwa leso yake. Alidhani nimekuja kumrudisha shule. Akaingia nyumba ya nyuma, nikamsikia akitafuta sweta ya shule, akiuliza kwa sauti iko wapi. Ikabidi nimfuate mlangoni nimwambie hapana, nimekuja kumwona tu. Alitoka nayo mkononi hata hivyo. Aliikunja polepole, akaendelea kunishukuru kwamba si walimu wengi wangekuja.

Nikashika tawi nikaanza kuchambua na Awuor, nipate pa kuweka mikono. Alinitania kwamba natupa majani na kuacha mabua. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama alivyokuwa akiuliza darasani: "Mwalimu, barua yao inasema imethibitishwa ni mimi. Niliandika herufi kubwa, na hakuna mtu aliniona. Ilithibitishwa na nani?"

Baba, nilikuwa nimetembea njia yote ile kwa ajili ya swali hilo. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikafikiria shangazi yake anisikie, yeye na ile sweta, na akienda kusimulia, na Madam akisikia kwamba nimekuja, na kazi yangu. Nikasema, "Ilijulikana tu, Awuor."

Aliendelea kuchuma majani. Alimaliza tawi lile, akachukua lingine. Halafu akasema, macho kwenye beseni, "Hiyo sentensi haina mtendaji, mwalimu."

Nilipoinuka alinifungia managu nikapike. Hayakuwa na bua hata moja. Niliyapika, nikala vijiko viwili, nikaweka sahani chini nikalia kama mtoto, mtu mzima mimi.

Sasa ndipo narudi kwa Mama Nasambu. Siku ile sikuwahi kukuuliza ulihisi nini alipokuuliza kama ulimsomea yote, na leo nimejua bila kuuliza. Ila wewe uliruka mstari kwa kumhurumia, na mimi nilijihurumia mwenyewe. Nimejaribu kumwandikia Awuor mara nne. Kila nikianza, inatoka kwamba jina lako lilitajwa, kwamba ilitokea katika mazungumzo. Mwalimu mzima wa lugha, nimeshindwa kuandika sentensi ambayo mtoto wa kidato cha kwanza angeiandika. Basi nimeona nianze kwako ili mkono uzoee. Sijidanganyi kwamba itasaidia. Hata nikimwambia, hakuna mlango utakaofunguka, na yeye ameshajua. Alijua kabla ya kuniuliza, nilimwona akinisoma kama alivyolisoma lile shairi.

Msomee mama barua hii. Najua atakuambia uvae miwani na uanze tu, na najua utafika mahali ulimi utake kuruka ili asilie. Safari hii usiruke, Baba. Mstari wa mwisho ndio niliokaa chini kuandika, na mengine yote yalikuwa njia ya kuufikia.

Nisalimie shangazi yangu, mwambie leso aliyonipa ndiyo pazia langu. Nisalimie ndugu yangu wa bodaboda, avae helmeti, asiitundike kwenye usukani kama pambo. Msalimie pia katekista wetu, mwambie aniombee bila kuuliza sababu. Na Mama Nasambu, ukikutana naye njiani ukipumzisha goti, msalimie kwa jina langu.

Aliyemtaja Awuor ni mimi,

mwanao,
Barasa.